Pikipiki Isiyonguruma: Kutoka Jinja Hadi Miteremko ya Mbale

Jinja ni mji unaoishi kwa maji. Hapo ndipo Mto Nile unapoliacha Ziwa Victoria, na hapo ndipo mwaka 1954 lilipofunguliwa bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale. Hadi mwaka 2018, daraja jipya lilipofunguliwa, magari yatokayo Kampala yalipita juu ya bwawa lenyewe, na askari waliopata kuhudumu katika kambi za Jinja wangali wakikumbuka ngurumo ya maji chini ya malori yao. Si ajabu basi kwamba pikipiki za umeme zimepata watu wa kuzijaribu huko. Sehemu kubwa ya umeme wa Uganda hutokana na mto huo huo, ilhali petroli hununuliwa nchi za nje.

Watu wa mashariki ya Uganda hawahitaji kufundishwa habari za bodaboda. Jina lenyewe lilizaliwa kwao, mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli waliwabeba abiria kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Baadaye baiskeli ziliipisha pikipiki ya petroli, na zile zitokazo India, hasa Bajaj, zikaenea mpaka vijijini.

Aliyeijaribu pikipiki ya umeme alikuwa koplo mstaafu wa Mbale. Kiinua mgongo chake kilitosha kununua chombo kimoja tu, na chombo hicho ndicho kingesomesha watoto. Alizunguka nayo Jinja asubuhi nzima, kutoka Main Street hadi Bugembe na kurudi, mkono wa kushoto ukitafuta klachi isiyokuwapo. Hakuna gia, hakuna teke la kuwashia, hakuna plagi ya kusafisha wala mafuta ya injini ya kubadilisha. Ukizungusha mkono, pikipiki huondoka mara moja kwa nguvu zake zote, tofauti na injini ya petroli ambayo hupata nguvu kwa kupandisha mizunguko yake. Baada ya kilometa ishirini, robo tu ya betri ilikuwa imetumika.

“Afande, ikiisha unabadilisha kituoni, hungoji,” alisema kijana muuzaji. Naye alisema kweli: betri yenye uzito kama wa debe la maji lisilojaa hutolewa, nyingine ikatiwa, na mwendeshaji akaondoka katika muda wa kujaza petroli.

Lakini Mbale iko kiasi cha kilometa 140 kutoka Jinja, na pikipiki ile ilisafirishwa huko juu ya pikapu, kwa njia ya Iganga na Tirinyi, ikipita mabonde ya mpunga ya mto Mpologoma. Pikipiki kuukuu ya petroli ingeifika safari hiyo kwa tangi moja, na chupa za petroli huuzwa kando ya barabara popote. Jambo hili huwa halitajwi sana na wauzaji.

Juu ya Mbale umesimama ukuta wa Wanale, sehemu ya Mlima Elgon ambao Wagisu huuita Masaba. Huko koplo alipakia gunia la vitunguu, akaanza kupanda. Mota haikulalamika, ilipanda kimya mahali ambapo pikipiki yake ya zamani ilidai gia ya kwanza na kutoa moshi. Kwa kilometa kumi za mlima, hata hivyo, zaidi ya theluthi ya betri ilikwisha. Wakati wa kuteremka, mota husaidia kufunga breki na kurudisha umeme kidogo katika betri, lakini ni kidogo kweli, kama chenji ya sokoni.

Kimya hicho kina hatari yake. Mama aliyekuwa akivuka na mtungi hakuisikia mpaka ilipokuwa karibu naye, na koplo alilazimika kupiga honi kila kona. Askari wa usalama barabarani watakuwa na kazi mpya hapo. Mvua nayo ni swali jingine katika mji ambao mito Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku mmoja wa mwisho wa Julai 2022 na kuua watu. Betri hufungwa isiingie maji ya mvua. Kuizamisha mtoni ni jambo jingine.

Jioni mkewe aliitazama, akaigusa, akaisifu kwa kuwa haikuchoma miguu ya abiria kama bomba la moshi. Kisha akauliza, “Baba, na hiyo betri ni yetu?” Haikuwa yao. Pikipiki ingenunuliwa, betri ingekodishwa, na siku ambayo kituo kingefungwa, kiinua mgongo chote kingesimama uani bila kutembea.

Koplo hakununua wiki ile. Aliirudisha pikipiki Jinja, akamwomba muuzaji amwandikie katika karatasi tarehe ambayo kituo cha betri kitafunguliwa chini ya Wanale.