Mboga Zilizolipiwa Kabla ya Kupandwa

Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, katika milima ya Usambara. Kwetu mboga hazina likizo. Mabondeni maji hayakauki upesi, na mwenye jembe hupanda kabichi, karoti na nyanya karibu mwaka mzima. Kwa hiyo mwaka 2023, nilipopata nafasi ya kujifunza kazi katika shamba la jamaa moja huko Massachusetts, nchi ya Marekani, nalidhani kwamba sina jipya la kujifunza ila ubaridi. Nalikosea.

Nalifika mwishoni mwa mwezi wa Machi. Miti ilikuwa mitupu kama iliyoungua, na theluji ingali imelala kandokando ya ua. Nikamwuliza mwenye shamba, "Bwana, mboga ziko wapi?" Akacheka, akanipeleka katika kitalu kilichoezekwa kwa nailoni. Ndani mlikuwa na joto, na juu ya meza ndefu ilisimama miche ya vitunguu, myembamba kama nywele. Karibu shamba zima la mwaka ule lilikuwa juu ya meza zile.

Nchi zile zina majira manne, na majira yanayofuata baridi huitwa majira ya kuchipua. Msidhani kwamba ni siku moja ambayo maua yote hufunguka! Ni mashindano ya miezi miwili na zaidi: leo jua linawaka, kesho theluji inarudi. Tena maji yaliyomo ardhini huganda wakati wa baridi, yakavimba, yakasukuma mawe juu. Ndiyo sababu, kabla ya kulima, tuliokota mawe katika shamba lilelile lililookotwa mawe mwaka uliopita. Wazee wa zamani waliyajengea kuta, na nyingi zingali zimesimama, hata katikati ya misitu. Mtoto mdogo wa mwenye shamba aliniambia kwa uhakika kwamba mawe huzaa. Nami, baada ya siku tatu za kuinama, sikumbishia.

Katikati ya Aprili tulipanda njegere, figili na spinachi, kwa kuwa hizo huvumilia baridi. Nyanya hazivumilii. Usiku mmoja wa sakitu huziua, maana maji yaliyomo ndani ya jani huganda, na jua lipandapo jani hulegea na kuwa jeusi kama lililochemshwa.

Sasa niwaeleze jambo lililonishangaza kuliko theluji. Mboga zile, ambazo nyingine hazijaota bado, zilikuwa zimekwisha kulipiwa. Nyumba 80 za vijiji vya jirani zilitoa fedha wakati wa baridi, kila nyumba ikanunua fungu moja. Na tangu Juni, kila juma, kwa majuma 20, ingepewa kikapu cha mboga zozote zilizopatikana. Mavuno yakiwa mengi, kikapu hujaa. Yakiwa machache, hupungua, wala fedha hazirudi. Desturi hii ilianza Marekani mwaka 1986 katika mashamba mawili, moja la Massachusetts na moja la New Hampshire. Na Wajapani walikuwa na desturi inayofanana nayo tangu miaka ya 1970. Fedha zile ndizo zilizonunua mbegu na mafuta ya trekta.

Nalimkumbuka mama yangu. Yeye hukopa mbegu na mbolea, na nyanya zake huiva siku zilezile ziivapo za majirani wote. Hapo mchuuzi hutaja bei aipendayo, na hasara huwa ya mama peke yake. Nikaona kwamba watu hawa wamepata raha. Nikamwuliza mke wa mwenye shamba, "Je, mama, mboga zikifa?" Akanijibu, "Ndiyo maana mwezi wa Mei silali."

Watu wa pale husema kwamba nyanya zisitolewe nje mpaka mwisho wa Mei. Lakini miche yetu ilikuwa imerefuka mno vikoponi, na siku zilikuwa za joto, basi tukatoa mistari minne mapema. Tarehe 17 Mei upepo wa baridi ukavuma, na habari za hewa zikaonya kwamba usiku utaganda. Tukafunika miche kwa nguo nyeupe nyepesi, tukaigandamiza pindo kwa mifuko ya mchanga. Mimi nalipewa mistari miwili ya mwisho. Giza lilikuwa limeingia na vidole vyangu vimekufa ganzi. Mifuko ikanipungukia. Ghala lilikuwa mbali kidogo, kama hatua mia mbili. Nikajiambia kwamba iliyopo inatosha, nikaenda kula.

Upepo uliivuta nguo upande mmoja, kisha ukatulia; mbingu ikawa nyeupe kwa nyota, na baridi ikashuka. Alfajiri niliikuta nguo imening'inia uani. Miche 120 ilikuwa imesimama wima, inametameta, mizuri kabisa kuitazama. Jua lilipopanda ikalala yote.

Usiku uleule wakulima wengi wa matofaa katika Massachusetts, New Hampshire na Vermont walipoteza maua ya miti yao, na pamoja na maua mavuno ya mwaka. Ningeweza kujificha nyuma ya msiba wao, wala hakuna ambaye angeniuliza. Lakini mistari miwili ya kwanza ilikuwa hai. Nikamwambia mwenye shamba, "Bwana, mifuko ilipungua, nami sikwenda kuchukua mingine." Akanyamaza kitambo, akichokora udongo kwa kiatu. Kisha akaenda kuziandikia zile nyumba 80 kwamba nyanya zitakuwa chache. Hakuandika "mgeni alikosea", aliandika "hatukufunika vema." Nyumba moja ilidai fedha zake, naye akazirudisha. Nyingi hazikujibu neno. Miche ya akiba ilitosha mstari mmoja tu.

Juma la kwanza la Juni tulipanga vikapu chini ya mti: figili, saladi, spinachi, vitunguu vya majani. Mzee mmoja akachungulia chake, akaniuliza, "Na nyanya?"

"Mwezi wa Agosti, mzee, nazo zitakuwa chache."

"Nimesikia kwamba baridi iliua."

"Baridi iliua, lakini aliyeacha nguo wazi ni mimi."

Akanitazama. Akachukua figili moja, akaifuta udongo kwa suruali yake, akaitafuna palepale, majani yakining'inia mkononi. "Juma lijalo," akasema, "njegere zitakuwapo?"

Nikamwambia kwamba zimekwisha toa maua.