Siku Tatu za Baba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Baba ana 3. Kwa mtoto wa kwanza sikuzihesabu: mama mkwe alikuwepo, mashangazi walikuwepo, uji wa pilipili manga ulichemka tangu alfajiri. Wa pili katukuta watatu tu. Siku ya nne nimerudi kazini, kitovu hakijadondoka, mama watoto hajalala. Siku tatu zinatosha kupokea hongera, basi. Usiku zamu ni yangu: mdogo begani, kaka mtu kaning'ang'ania mguu, anauliza, “Baba, huyu anarudi kwao lini?”