Albamu ya Mabinti wa Zawose, Nikiisikiliza Miyuji

Kwa wiki kadhaa sasa nimetekwa na albamu moja. Naiita albamu kwa makusudi, maana neno lenyewe linaelekea kusahaulika. Vijana ninaowafundisha hupokea muziki wimbo mmoja mmoja, leo huu, kesho ule, na wimbo ukitimiza mwezi huhesabiwa kuwa wa zamani. Albamu inadai jambo jingine. Inamtaka msikilizaji aanze mwanzo, auvumilie wimbo ambao hakuupenda mara ya kwanza, kisha agundue siku ya tano kuwa huo ndio aliokuwa akiusubiri. Ndivyo ilivyonipata kwa Maisha, albamu ya kwanza ya The Zawose Queens, iliyotolewa mwezi Juni 2024 na kampuni ya Real World Records ya Uingereza, ambayo mwanamuziki Peter Gabriel ni miongoni mwa waasisi wake.

Malkia hao ni wawili: Pendo Zawose, binti wa marehemu Hukwe Zawose, na Leah Zawose, mjukuu wake. Nilipolitaja jina la Hukwe darasani mwaka huu, mikono miwili iliinuliwa, na mwenye mkono mmojawapo alidhani namzungumzia mchezaji wa mpira. Basi na niseme kwa ufupi. Hukwe alikuwa Mgogo aliyeipeleka ilimba na zeze kwenye majukwaa ya dunia. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam katika miaka ya 1960, baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly akishirikiana na Michael Brook. Alifariki dunia mwaka 2003.

Nilianza kuisikiliza Maisha kwa wasiwasi. Watayarishaji wake, Oli Barton-Wood na Tom Excell, ni Waingereza, na tumekwisha kuona mara nyingi mtayarishaji wa kigeni akizichukua sauti za kwetu na kuzitumia kama kiungo cha kukolezea mchuzi wake mwenyewe. Hapa mambo ni tofauti. Ilimba inaanza, njuga zinaingia, sauti ya kwanza inatangulia na ya pili inaifuata si kwa kuirudia bali kwa kushika njia yake yenyewe, hadi unashindwa kusema ni ipi inayoongoza. Huo ndio ustadi wa uimbaji wa Wagogo, ambao mtafiti Polo Vallejo wa Hispania aliufuatilia kwa miaka mingi katika kijiji cha Nzali, hapa hapa Chamwino. Vyombo vya elektroniki vimewekwa chini, kama udongo chini ya mkeka. Ziko sehemu ambapo besi inazidi kiasi, mithili ya mgeni anayezungumza kwa sauti kubwa kuliko wenyeji, lakini ni chache.

Kilichonishika zaidi ni nafasi ya wanawake. Katika Ugogo, muheme ni ngoma ya wanawake. Huishika katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono, na nguvu zake hazihitaji kusimuliwa kwa aliyewahi kuisikia kwenye sherehe za jando. Sauti za wanawake nazo ndizo zinazoujaza wimbo. Hata hivyo kuongoza, kutunga na kushika zeze mbele ya hadhira vilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Pendo na Leah walikaa nyuma kwa miaka, wakiitikia na kucheza katika vikundi vya ukoo wao. Katika albamu hii wamesogea mbele bila kuiacha kazi ya nyuma: wanaongoza, wanaitikia, wanapiga, na mojawapo ya nyimbo wameiita Muheme, kama mtu anayeandika jina la mama yake kwenye hati ya nyumba. Watumishi wa umma wanaonisoma watalielewa jambo hili upesi. Ni ofisi ngapi ambazo mwanamke huandika taarifa usiku kucha, na asubuhi mwingine akasimama kuisoma?

Mapenzi yangu kwa albamu hii yangeweza kuishia hapo, kama si jirani yangu. Ni bibi wa Kigogo ambaye familia yake ilikuwa Miyuji tangu eneo hili lilipokuwa mashamba ya uwele na mtama, kabla ya mawe ya mipaka ya viwanja. Jioni moja aliniita kutoka upande wa pili wa ukuta.

“Mwalimu, hao wanaoimba ni watu wa wapi?”

“Ni wa ukoo wa Zawose, bibi. Wanaishi Bagamoyo.”

“Bagamoyo! Mbona wanaimba kama watu wa kwetu? Ila kuna kitu kinanguruma chini.”

“Ni vyombo vya umeme. Vimeongezwa na Waingereza.”

“Waambie wavipunguze. Anayepiga muheme hasikiki vizuri.” Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Na wamewalipa?”

Nilimjibu kwamba majina yao yako mbele kabisa, juu ya jalada, na kwamba sina sababu ya kudhani hawakulipwa.

“Sawa. Lakini jina haliliwi, mwalimu.”

Swali lake limekaa nami kuliko nyimbo zenyewe, kwa sababu halikomei kwa wasanii wawili. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na imelipa Baraza la Sanaa la Taifa madaraka ya kutoa kibali pale zinapotumiwa kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Kwenye karatasi tumekwisha kukubali kwamba muheme ni mali. Ni mali ya nani, hapo ndipo sheria inapozungumza kwa sauti ya chini. Mtunzi ana jina na akaunti ya benki. Wanawake wa vijiji waliolea mapigo hayo kizazi baada ya kizazi hawana akaunti ya pamoja, na mwanasheria atakayewaandikia barua bado hajaonekana.

Mshangao wa bibi kuhusu Bagamoyo nao una historia ndani yake. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Uamuzi huo ulilala kwa miongo minne, hadi Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahama kweli, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Wakati huo wote bingwa wa muziki wa Ugogo alikwisha kuhama zamani, tena kwa wito wa dola hiyo hiyo. Dola ilimchukua Mgogo na kumpeleka pwani ili aliwakilishe taifa. Nusu karne baadaye ikaja yenyewe kukaa kwenye ardhi alikotoka. Watoto na wajukuu zake sasa wanaimba nyimbo zenye asili ya Ugogo wakiwa kando ya Bahari ya Hindi, nasi tuliokuja na magari ya Serikali tunaishi Ugogo tukisikiliza nyimbo za Dar es Salaam.

Tumejifunza nini tangu tuje? Tumejifunza neno moja, “mbukwenyi”. Kila kiongozi anayepanda jukwaani hapa hulianza nalo, umati hushangilia, na hotuba huendelea kana kwamba lugha yote ya Cigogo imekwisha kusemwa. Wacheza ngoma huletwa mapema, husimama juani wakati wageni wako chini ya mahema, hupewa dakika chache, kisha mshereheshaji husema “hizo ndizo ngoma zetu za asili” na maikrofoni inahama. Ifikapo jioni, baadhi ya waliopiga makofi hutaniana kuhusu Wagogo na kuombaomba. Mzaha huo una deni ambalo halijalipwa. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng’ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, Ugogo uliingia katika njaa kuu ambayo wazee huiita Mtunya. Watu walikufa kwa maelfu na wengine wakatawanyika kutafuta chakula. Anayecheka ombaomba wa Kigogo aanze kwanza kusoma habari hizo.

Sisemi kwamba albamu ya nyimbo inaweza kuyarekebisha haya. Nasema kwamba Maisha haisikiki kama sanaa ya mapokezi. Hakuna mgeni rasmi ndani yake, hakuna wa kupongezwa, na wanawake hawa wanapocheka kati ya nyimbo wanacheka kwa sababu zao. Nadhani hilo ndilo nililolipenda tangu siku ya kwanza kabla sijaweza kulieleza: kusikia Ugogo ukizungumza pasipo kumkaribisha mtu.

Juzi bibi alimtuma mjukuu wake na simu, ahamishiwe nyimbo zote. Baada ya yale tuliyozungumza ukutani sikuona sawa kumnakilia bure, naye mjukuu alipoelezwa alicheka na kusema bibi atanisifu kwa kuwa mbishi. Nikamnunulia nakala yake kwenye intaneti. Malipo yalikwenda Uingereza, kwa paundi, na yalikataliwa mara mbili kabla ya kukubaliwa. Sasa jioni zikifika husikia ilimba kutoka upande wa pili wa ukuta, na nyimbo zile zenye besi kubwa, naona, anaziruka.