JUA NALO LINATIKISIKA



Sisi wa mwaka wa mwisho tuko na deni, na leo tunataka kulilipa mbele ya masomo yote.

Jioni moja mwalimu wa fizika alituambia kwamba jua linatikisika mchana na usiku. Mutoto moja wa darasa za chini, mwenye alikimbia vita upande wa Beni mpaka hapa Butembo, akauliza: «Mwalimu, litapasuka siku gani?» Sisi wakubwa tukacheka sana. Akakaa, hakuuliza tena kitu. Kesho yake wenzake wakatuambia: ule mutoto hakulala.

Njo tukarudi kwa mwalimu, tukamuuliza vizuri. Akasema: ndani ya jua moto unachemka kama sufuria ya maharagi. Kifuniko kinacheza, lakini sufuria haipasuki. Uso wa jua unapanda na kushuka, kila mara kama dakika 5. Robert Leighton wa Marekani aliona jambo hilo mwaka wa 1960.

Tena jua liko na nguvu ya sumaku. Karibu kila miaka 11 nguvu ile inazidi, madoa meusi yanakuwa mengi, kisha yanapungua. Mara ya mwisho yalifika juu kabisa mwaka wa 2024. Wakati sumaku inazidi, mtikisiko unaenda mbio kidogo. Woodard na Noyes walionyesha hivyo mwaka wa 1985. Tofauti ni ndogo sana: kama sehemu moja juu ya elfu kumi.

Tunajua mfano wake. Mbele ya kuimba, korali inapasha ngoma kwa moto. Ngozi inakaza, sauti inapanda. Jua halina ngozi, lakini sauti yake nayo inapanda wakati sumaku inazidi karibu na uso wake. Na jambo hili lilitushangaza: wakati ule ule, mtikisiko wenyewe unapungua nguvu. Ule mutoto aliogopa, na sisi wenye kucheka hatukujua hata nusu ya hayo.

Tulienda kumuomba msamaha, tukamuelezea yote. Akakubali. Kisha akauliza: «Na ile tofauti ndogo, walipima na saa gani?»

Hakuna mwenye alicheka. Tulimshika mkono, tukaenda naye kwa mwalimu.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la wenzake wa mwaka wa mwisho