Fundi wa Redio Katika Vilima vya Masukulu

Msafiri atokaye Mbeya mjini kuelekea mpaka wa Malawi hupanda kwanza milima ya Uporoto, kisha huteremka kupitia Isongole na Kiwira. Baada ya kilomita zipatazo 70 huingia Tukuyu, mji mkuu wa Wilaya ya Rungwe. Hapo hewa ni ya baridi na ardhi ni ya rutuba iliyoachwa na milima ya volkano. Mlima Rungwe wenyewe, wenye urefu wa karibu mita 3,000, mara nyingi huwa umejifunika mawingu, na mvua ya eneo hili huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ni katika wilaya hiyo, nje ya pilikapilika za mji, ndimo ilimo kata ya Masukulu, nchi ya migomba, mianzi na vilima visivyokwisha.

Uzuri huo una gharama zake, na ajuaye zaidi gharama hizo ni msikilizaji wa redio. Mawimbi ya FM husafiri takriban kwa mstari ulionyooka, mithili ya mwanga wa tochi. Kilima kikisimama kati ya mtambo na nyumba, jirani aliye juu husikia taarifa ya habari barabara, naye aliye bondeni huambulia mkwaruzo. Katika nchi ya namna hii fundi wa redio si mtu wa kutengeneza tu; ni mshauri wa mahali pa kuweka redio na namna ya kuvuta waya wa antena.

Kazi hiyo ilipata heshima kubwa zamani. Wasomaji wenye umri watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza mafunzo ya afya kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio moja ilihudumia kikundi kizima. Ilipokata sauti, darasa zima lilinyamaza, na aliyeweza kuifufua alikuwa mtu wa kutafutwa.

Riziki ya fundi, hata hivyo, haikai kwenye ujuzi peke yake. Tuchukue mfano wa mama mzee anayeleta redio aliyoachiwa na marehemu mumewe. Haitoi sauti. Fundi anaifungua na kukuta kwamba betri zimevuja na kutu imekula vyuma vya kushikia betri. Kazi ni ya msasa na dakika kumi. Yule mama hajui. Akiambiwa kwamba transista imeungua, ataamini, atauza mkungu wa ndizi na kulipa. Fundi mwenye tamaa atapata fedha nyingi siku hiyo. Lakini kijijini watu wanajuana, na redio hiyo siku moja itafunguliwa na fundi mwingine. Fundi mwaminifu atasema, "Mama, ni kutu tu, nipe ya msasa." Ataagwa kwa "ndaga fijo", yaani asante sana, na juma lifuatalo jirani wa mama huyo ataleta yake.

Siku hizi simu ya mkononi imechukua sehemu kubwa ya kazi ya redio ya mezani, na vijana wengi wenye mikono ya ufundi hujiuliza wageukie wapi. Upo mlango mmoja ambao haujulikani sana: kuwahudumia wapenzi wa redio ya ridhaa. Hawa ni watu wanaorusha na kupokea mawasiliano wao kwa wao, kwa sauti au kwa alama za Morse, si kwa malipo bali kwa kupenda elimu hiyo. Kila mmoja hupewa alama yake ya wito. Za Tanzania huanza na 5H. Wengine huwaona kama watu wanaochezea vyombo. Lakini tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipokata mawasiliano katika visiwa vya Andaman, Bharathi Prasad na wenzake kutoka India, waliokuwa huko na mitambo yao ya ridhaa, ndio waliosaidia kupeleka habari za walionusurika kwa jamaa zao.

Je, biashara hiyo yaweza kumlisha mtu aliye Masukulu? Tusidanganyane: wateja ni wachache. Hata katika nchi tajiri biashara hii imewaangusha wakubwa. Kampuni ya RadioShack ilianzishwa Boston, Marekani, mwaka 1921 kwa ajili ya wapenzi hao hao. Mwaka 2015 ilifilisika. Heathkit, iliyouza vifaa vya kujiundia redio nyumbani, iliacha biashara hiyo mwaka 1992. Kijana atakayejaza rafu kwa mitambo ya bei kubwa na kungoja wateja atakuwa ameulaza mtaji wake, na unyevu wa Rungwe utamlia bidhaa.

Lakini lipo jambo ambalo vilima vimemfundisha fundi wa huku. Mawimbi ya masafa mafupi hayaendi kama ya FM. Chukua yale ya mita 40. Yakirushwa juu hufika kwenye tabaka la ionosfera, kilomita zaidi ya 200 kutoka ardhini, kisha hurudi chini na kuanguka ng'ambo ya milima. Bonde halina tena nguvu ya kuyazuia. Antena yake haihitaji mnara wa chuma: waya wenye urefu wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati na kushikiwa kwenye vihami, ukatundikwa kati ya milingoti miwili ya mianzi, watosha. Mianzi imejaa Rungwe. Mgomba usitumiwe, kwani hukatwa mara baada ya kuzaa.

Hapo ndipo palipo na bidhaa. Mpenzi wa redio aliye Dar es Salaam ana mtambo, lakini mara nyingi hana nafasi wala subira ya kupima waya, kuchomelea viungo na kuvizuia visiingie maji. Antena iliyotengenezwa mahali penye mvua kama hizi, ikastahimili, imekwisha kufanyiwa mtihani. Huviringishwa ikawa furushi dogo, hupakiwa basini, na malipo huja kwa simu, njia iliyofunguliwa nchini M-Pesa ilipoanza mwaka 2008. Fundi hununua waya baada ya kupata agizo, hivyo mtaji wake haulali.

Kuna masharti matatu. Kwanza, kurusha mawimbi bila leseni ni kosa; leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na fundi mwema humwuliza mteja juu yake kabla ya kumwunganishia mtambo. Pili, radi: waya mrefu uliotundikwa juu uchomolewe na kutolewa nje ya nyumba kabla mawingu hayajakusanyika. Tatu, na ndilo kubwa, fundi asiache meza yake ya redio za majirani. Agizo la antena huja kwa msimu, lakini betri huvuja mwaka mzima.

Wazazi wa mijini walio na mtoto anayefungua kila redio iliyokufa ndani ya nyumba wasimkemee upesi. Wampe bisibisi, waya na kitabu cha fizikia, na wamfundishe kumwambia mteja ukweli. Ujuzi utamletea mteja wa kwanza. Uaminifu ndio utakaowaleta wengine.