Negativu za Bi Mkubwa Zimenitoa Machozi

Wadau, juzi nimekuta negativu za mama kwenye kopo la biskuti. Nikazipeleka stesheneri, tukalaza mkanda kwenye skana... nyeusi tii! Kumbe skana ya kawaida inasoma mwanga unaorudi, negativu inataka mwanga upite katikati yake. Nikaazima yenye taa kwenye mfuniko, dpi 2400, maana kapicha kenyewe ni milimita 24 kwa 36 tu. Vumbi sasa, mtanikoma!

Nilipogeuza rangi ya ile ya nne, mama huyo ukumbini, kashikwa kiuno na mwanamuziki mmoja mkubwa enzi hizo (jina kapuni). Nikamuonyesha. Kacheka weee, halafu kimya.

"Aliyepiga ni baba yako."

Mzee alifariki sijaanza shule. Nimeskani zote, hayumo hata moja.