Kufundisha Miundo na Miungano katika Lugha ya C

Muhula uliopita tulipangiwa kuwafundisha wanachuo wa somo la TEHAMA misingi ya C, lugha ya kompyuta iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vipindi vya kwanza vilikwenda vema. Tulipofika kwenye miundo na miungano tulikosea, na kosa lilikuwa letu wala si la wanachuo.

Muundo haukutupa taabu. Tulichukua fomu ya maendeleo ya mwanafunzi: ina alama, ina wastani, ina daraja, na kila kimoja kina nafasi yake. Ndivyo ulivyo muundo, ambao katika programu hutangulizwa na neno struct. Wanachuo wakajumlisha wenyewe: alama, namba kamili, baiti 4, wastani, namba yenye desimali, baiti 8, daraja, herufi moja, baiti 1, jumla 13. Kompyuta ikajibu 24. Tukawaeleza kwamba mashine huacha nafasi tupu ili kila kitu kianzie mahali panapokifaa, nao wakaridhika.

Kisha tukaandika ubaoni neno muungano, tafsiri yetu ya union. Katika nchi yetu ni nani asiyejua Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa mwaka 1964? Pande mbili ziliungana, na zote mbili zimo. Wanachuo wakaelewa hivyo hivyo: alama, wastani na daraja vimo ndani kwa pamoja. Nasi, badala ya kuwazindua, tukatoa mfano wa familia iishiyo katika nyumba moja!

Mwanachuo mmoja akaweka 65 katika alama, kisha akaiamuru kompyuta ichapishe daraja. Ikatoka A. Darasa zima likapiga makofi: kumbe mashine yajua kupanga madaraja! Twakiri kwamba nasi tulitabasamu. Akaweka 66, ikatoka B. Akaweka 70, ikatoka F. Makofi yakakoma. Yule mwanachuo akatugeukia, akauliza kwa adabu: "Mkufunzi, aliyepata 70 amefeli, na wa 65 ndiye mwenye A?"

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tuliahidi kulileta kesho yake, na usiku ule hatukulala mapema.

Hapakuwa na upangaji wa madaraja wowote. Katika muungano vitu vyote huanzia mahali pamoja, na nafasi iliyotengwa hutosha kile kikubwa kuliko vyote, hapa baiti 8. Katika jedwali la herufi la ASCII, 65 ndiyo A, 66 ndiyo B, na 70 ndiyo F. Mashine zetu huanza kuhifadhi namba kwa baiti yake ndogo. Hivyo alama ile ile ilisomwa kana kwamba ni herufi.

Kesho yake tuliiacha ile familia, tukausogelea ubao. Asubuhi ubao una hesabu. Hufutwa, ikaandikwa sayansi. Hufutwa tena, ikaandikwa Kiswahili. Ubao ni mmoja, na upana wake lazima ulitoshe somo lenye maandishi mengi kuliko yote. Tukaandika 70 tu, tukamwita mwanachuo aliyekuwa nje aseme ni somo gani. Akasimama kimya. Alama za mtihani? Ukurasa wa kitabu? Umri wa babu? Darasa likacheka, lakini hapo ndipo lilipofahamu kwamba C nayo haikumbuki ni kitu gani kilichoandikwa mwisho. Kukumbuka ni kazi ya mwandishi wa programu.

Kabla ya kuwasha kompyuta tena, tulimtaka kila mmoja aandike kwenye karatasi jibu analolitarajia. Jambo hilo tungalilifanya tangu siku ya kwanza, zile 65 zisingalitupigia makofi.

Yule mwanachuo aliyetuuliza swali hakungoja kuelekezwa. Aliuweka muungano wake ndani ya muundo, akaongeza pembeni namba ndogo ya kuonyesha kilichomo: 1 kwa alama, 2 kwa wastani, 3 kwa daraja, na programu ikaitazama namba hiyo kwanza kabla ya kusoma chochote. Akaweka 70 katika alama, akaomba daraja. Kompyuta ikachapa maneno aliyoyatunga mwenyewe: "Daraja halijaandikwa."